Kadi Elfu Tisini na Sita za Dada Justína

Baba Paroko, watoto wa marehemu Bohdan na Xénia, majirani mliokuja na basi kutoka Prešov, wenzake wa kazini mliokaa safu ya tatu karibu na mlango, poleni na baridi hiyo, na nyote mliofika katika kanisa letu la Jalinka leo Jumamosi tarehe 10 Februari 2018, mimi ni Vasiľ Kundrát, ndugu yake mdogo marehemu, mpanga barua mstaafu wa posta, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na niseme mapema kwamba nimechoka, sijalala vizuri tangu Jumanne, kwa hiyo mkiona nasita msidhani ni kilio peke yake, mengine ni magoti.

Karatasi ninayosoma aliiandika yeye mwenyewe mwezi Desemba, kwa mkono wake, kwa sababu hakuwa na imani na tarehe za mtu mwingine yeyote, akanipa akasema, "Soma kama ilivyo, Vasko, usianze kuhubiri." Nitaisoma, lakini humu ndani kuna mstari mmoja ambao sitausoma kama alivyouandika, na kwa ajili ya mstari huo nimemwomba Baba Paroko aniongezee dakika kumi. Mnajua inavyosemwa juu ya dada yangu, kwamba alikusanya maisha yake yote na hakumaliza, na maneno hayo yameandikwa hata kwenye tangazo la msiba lililobandikwa mlangoni mwa taasisi yake juzi, nimelisoma mwenyewe nikiwa nimesimama kwenye theluji. Sitaki tumzike na maneno hayo.

Marehemu Justína Hricová, kwa ukoo wa kwao Kundrátová, alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 hapa hapa Jalinka, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kinu, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Andrej Kundrát, mkata magogo, na marehemu Paraska, na kwa kuwa vita vilikuwa vimepita hapa muda mfupi kabla yake na kuacha kijiji majivu matupu, alizaliwa juu ya mlango uliolazwa kwenye matofali, maana kitanda hakikuwepo. Mimi nilifuata mwaka 1949, nikakuta kitanda, naye hakuacha kunikumbusha hilo hata siku moja.

Shule ya msingi alianza hapa kijijini Septemba 1952, akaendelea Svidník, na Juni 1964 akahitimu sekondari akiwa wa kwanza katika darasa lake. Nyumbani tuliongea Kirusini chetu cha kijijini, ambacho si Kirusi, shuleni Kislovakia, redioni tulisikia Kiukraini, na sokoni walikuja akina mama wa Kipoland na vitambaa vyao kutoka ng'ambo ya kilima, sasa huyu mtoto wa miaka minane akakaa jikoni siku moja na kumwambia bibi yetu kwamba watu wote hawa wana maneno tofauti lakini mikia ya maneno yao ni ndugu, na bibi, aliyekuwa na ndoo mbili za viazi mbele yake na wageni njiani, akamjibu, "Wee Justína, viazi havimenywi kwa mdomo!" Ndivyo kazi yake ilivyopokewa mara ya kwanza, na kusema kweli haikupokewa vizuri zaidi baadaye.

Kwa wajukuu mliokulia mbali niwaeleze kidogo, katika lugha zetu za Kislavi neno hupewa kazi na mkia wake, ukichukua habari ya kuoka ukaipachika mkia mmoja unapata mwokaji, pekár, ukaipachika mwingine unapata mahali pa kuokea, pekáreň, upo mkia wa kike uliofanya Kundrát yetu iwe Kundrátová kwake, na upo mkia unaochukua jina la mtu na kulifanya jina la mtoto wa kudekezwa, ndiyo maana mimi mzee wa miaka sitini na minane hapa kijijini bado ni Vasko. Dada yangu alitaka kuijua mikia yote ya majina, katika lugha nne, inatoka wapi, inavuka mpaka gani, inakaa na nani. Hicho ndicho alichokitaka duniani, basi.

Alisoma chuo Prešov kuanzia 1964 hadi Juni 1969, na tarehe 1 Oktoba 1971 akaajiriwa katika taasisi ndogo ya lugha, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, na hapo ndipo alipoandika kadi ya kwanza. Kila kadi ilibeba neno moja, lugha yake, nani alilisema, wapi na siku gani, na mkia umepigiwa mstari kwa penseli nyekundu, kisha kadi zikalala kwenye masanduku ya viatu. Hazikupangwa kama kamusi mnayoijua, zilipangwa kwa kulisoma neno kutoka herufi ya mwisho kurudi nyuma, ili wenye mkia mmoja wakae pamoja, mwokaji kando ya msagaji na mvuvi, na ndani ya kila mkia akatenga tena kwa akili yake, watu huku, vyombo huku, mahali huku, kwa kadi za kijani alizozichomeka katikati. Mgawanyo huo haukuandikwa popote pengine. Mpangilio wenyewe ndio uliokuwa kitabu, naomba mnisikie vizuri hapo, kwa sababu mimi nilichelewa kusikia.

Aliokota maneno kila mahali, kiasi cha kuaibisha, akina mama wa sokoni walimpigia kelele, "Mama Justína, leo unanunua kabichi au unanunua maneno?", na kwenye mazishi ya mama yetu, tarehe 2 Aprili 1988, mchimba kaburi alitaja jina la zamani la sepetu yake, nikamwona dada yangu, macho yamejaa machozi, anapapasa mfuko wa koti akitafuta penseli. Nilimkasirikia sana siku ile. Kadi hiyo ipo, nimeishika, ina tarehe.

Tarehe 26 Agosti 1972 alifunga ndoa hapa kanisani na marehemu Ladislav Hric, fundi wa mabasi, mtu wa utani mwingi, shemeji yangu huyo alikuwa akiwaambia wageni, "Mimi nimeoa mke mmoja na masanduku mia moja, na masanduku ndiyo yanayonuna." Mungu aliwajalia watoto wawili, Bohdan mwaka 1974, ambaye amefika jana kutoka Norwei, na Xénia mwaka 1977, anayeishi Košice na familia yake, na hawa wote wawili wanakumbuka kwamba nyumbani kwao ungeweza kutupa viatu lakini si sanduku lake. Ladislav alitangulia mbele ya haki tarehe 19 Mei 2009.

Marehemu alistaafu Machi 2004, akapewa shada la maua, na kwa kuwa taasisi ilihitaji chumba akahamisha masanduku yote kwenda nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, tukiyabeba mimi na Ladislav mpaka mgongo ukagoma. Mwaka 2009 kamati ya uchapishaji ilimwandikia kwamba akileta kazi kamili kabla ya tarehe 30 Juni 2011 itachapwa, na kufikia vuli ya mwaka 2010 yalikuwa yamebaki masanduku tisa tu ya kukagua kati ya mia moja na kumi na nane. Masanduku tisa, ndugu zangu.

Sasa nafika kwenye ule mstari. Kaandika hivi: "Novemba 2010 maji yaliharibu kazi." Aka, dada, hapana. Mimi hilo silisomi.

Ilikuwa hivi. Tarehe 22 Novemba 2010 marehemu alilazwa kufanyiwa upasuaji wa nyonga, akapelekwa baadaye kwenye nyumba ya mazoezi ya kutembea upya, jumla wiki saba na siku kadhaa, na siku ya tatu ya kulazwa kwake bomba lilipasuka kwenye nyumba ya juu yake, ufunguo ulikuwa kwangu, nikakuta masanduku yamelowa yamefumuka, na kadi zimeteleza sakafuni hadi bafuni. Mimi na mke wangu Hafia tulizitandaza nyumba nzima, tukazianika kwa vibanio vya nguo, tukazipepea kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikaungua, na nawaambia mbele ya Mungu, hakuna hata kadi mia tatu zilizopotea. Wino ulivuja, lakini maneno yalisomeka. Mengi yalikuwa bado yameshikana mafungu mafungu, kwa mpangilio wake, mengine na kadi zake za kijani katikati, na mtu mwenye akili angeyaacha hivyo hivyo juu ya meza na kusubiri mwenyewe arudi.

Lakini mimi nimepanga barua miaka thelathini na minne. Nilitazama yale mafungu nikaona neno la K limefuatwa na la M, la M limefuatwa na la R, nikasema jamani, maji yamevuruga kila kitu, maskini dada yangu, ngoja nimfanyie kitu kizuri mara moja katika maisha yake. Nikayavunja mafungu yote. Kwa wiki saba, kuanzia asubuhi hadi jioni, Hafia akiniletea supu ya kabichi mezani, nilipanga kadi elfu tisini na sita kwa herufi ya kwanza, A mpaka Ž, kama Mungu na posta walivyoagiza, nikanunua masanduku mapya yanayofanana, nikabandika lebo, na kadi za kijani, ambazo hazikuwa na neno lolote juu yake, nikazifunga kwa mpira nikaziweka kwenye droo. Nilikuwa na furaha, sikumbuki kuwa na furaha vile tangu nilipooa.

Alirudi Ijumaa tarehe 14 Januari 2011 kwa magongo mawili, nikamkalisha, nikampa chai, nikamfunulia sanduku la kwanza. Akasoma kadi moja, akasoma ya pili, akafungua sanduku la katikati, kisha la mwisho, akauliza kwa sauti ya chini, "Umezipanga kwa mwanzo?", nami, mjinga, nikajibu kwa kujigamba, "Sasa nizipange kwa nini, dada, kwa harufu?" Hakupiga kelele. Alinitazama muda mrefu sana, akasema, "Nenda nyumbani, Vasiľ." Hakuwahi kuniita Vasiľ tangu tuzaliwe, na Hafia, aliyekuwa jikoni, aliacha kuosha vyombo.

Wiki tatu hakunipigia simu. Kisha siku moja simu ikalia, akasema tu, "Vasko, njoo, na ulete miwani yako, tunaanza upya." Nikaenda.

Kamati ilipokutana alisimama kwenye magongo yake akawaambia, maji, na alipoulizwa kwa nini kadi zilizokauka zisipangwe tena kwa miezi mitatu, akasema amechoka, na walipomuuliza mwaka uliofuata akasema hajamaliza, na nafasi ya kuchapwa ikapewa mtu mwingine, na safu ya tatu pale mkaanza kusema ni mzee mkaidi, anapenda kukusanya, hajui kumaliza. Siwalaumu, mlisema mlichoambiwa. Nilimwomba, "Dada, waambie ni mimi," akaniambia, "Nikisema ni wewe, mji mzima utakucheka mpaka ufe, na wewe huwezi kuchekwa, Vasko, mimi nakujua tangu kitandani, mimi wamenicheka tangu viazi, nimezoea." Nami nikanyamaza. Ndugu zangu, nilinyamaza miaka saba, nikanywa kahawa na baadhi yenu mkimsema, nikatikisa kichwa pamoja nanyi, na nikirudi nyumbani Hafia alikuwa hanitazami.

Na wewe, mpwa wangu Xénia, hili ni lako hasa. Ulimwomba mama yako baada ya kifo cha baba yako ahamie kwenu Košice, chumba kilikuwa tayari kimepakwa rangi, na alikuwa ameahidi kuja mara tu kadi zikiisha, majira ya kiangazi ya mwaka 2011, aliniambia hata mapazia atakayokuja nayo. Hakuja. Ukamwambia kwenye simu, nami nilikuwepo mezani, "Mama, wewe unapenda hizo karatasi kuliko wajukuu zako," ukakata, na mwaka mzima hamkusemeshana. Hakuzipenda kuliko wajukuu. Mwaka uliomnyima simu na miaka saba aliyowanyima ninyi Pasaka, ni mimi niliyeichukua, kwa upumbavu kwanza, halafu kwa woga. Najua hapa si mahali pa kuomba msamaha mbele za watu ukashindwa kukataa, kwa hiyo siombi leo, nakwambia tu ilivyokuwa.

Tulifanya kazi kila Jumanne na kila Ijumaa. Vijana wataniuliza habari za kompyuta, alikuja kijana mmoja mwema na kompyuta yake, akachapa siku kumi na moja, ikampangia kwa herufi za mwisho vizuri kabisa, lakini haikujua nani ni mtu na nani ni chombo, na alipogundua kwamba kila kadi lazima mtu aisome aifikirie, aliaga kwa adabu. Tukabaki wazee wawili. Kusoma neno kinyumenyume kuliniuma kichwa, mkono wangu wa posta ulikimbilia mwanzo wa neno kila mara, naye akinigonga vidole kwa penseli nyekundu, "Mkiani, Vasko, mkiani, wewe ni farasi gani usiyejua mkia wako uliko?" Tulicheka pia, nisiwadanganye, kuna siku tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Tarehe 17 Mei 2017 madaktari waligundua ugonjwa wa figo uliokuwa umekwenda mbali, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, yeye akasema afadhali, Jumanne na Ijumaa zimebaki. Aliendelea hivyo mpaka Krismasi, akipanga kadi kumi, akilala, akipanga kadi tano, na Januari hakuweza tena kushika penseli, nikawa nasoma neno kwa sauti naye anajibu akiwa amefumba macho, "Mtu," au "Chombo," au "Peleka kwa wadogo wanaopendwa."

Ijumaa tarehe 2 Februari, mara ya mwisho, nilishindwa kujizuia nikamuuliza swali nililoliogopa miaka yote, kwamba siku ile ya Januari alivyonitazama vile, kwa nini hakunipiga hata gongo moja, maana ningelipokea kwa shukrani. Nikadhani amelala. Kisha akasema, taratibu, akivuta pumzi kati ya neno na neno, "Miaka arobaini nimeandika kadi, Vasko. Profesa wangu alitazama sanduku moja. Kamati ilitazama kadi ishirini. Ladislav hakusoma hata moja, Mungu amrehemu. Wewe ulikaa wiki saba ukazisoma zote, moja moja. Ningempigaje mtu pekee aliyenisoma?"

Marehemu aliaga dunia Jumanne tarehe 6 Februari 2018, saa nne asubuhi, hospitalini Prešov, binti yake Xénia akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto, akiwa na umri wa miaka sabini na moja na miezi kumi na moja kasoro siku tatu, ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, na mimi.

Masanduku mia moja na saba yamekamilika, yamepangwa alivyotaka, yapo nyumbani kwake ghorofa ya tatu na ufunguo ni huu. Kumi na moja hayajakamilika. Nawaomba ninyi wa safu ya tatu mkifika mjini mlitoe lile tangazo mlangoni mwenu, mwandike jingine, mwandike kwamba kazi ya Justína Hricová ilikuwa imebakiza masanduku tisa tu mwaka 2010 na iliharibiwa na ndugu yake, mpanga barua, jina langu mnalijua, liandikeni lote. Kisha njooni mchukue yale mia moja na saba, na mnitumie mtu yeyote mwenye subira, kwa sababu hayo kumi na moja naijua njia yake lakini macho yangu hayanitoshi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia akiwauliza majina ya vyombo vyao kwa lugha za kwao, majirani wa ngazi ya pili kwa kumbebea maji na mkate miaka yote ya magongo, Baba Paroko, wachimba kaburi waliopasua ardhi iliyoganda tangu Alhamisi, na wenzake wa kazini kwa kufika, nasema kwa dhati, mngeweza msije. Baada ya maziko karibuni nyumba ya kijiji, supu ya moto ipo, na atakayetaka kunicheka anicheke pale pale, nitakaa meza ya mlangoni.

Dada Justína, umenisitiri miaka saba, imetosha, leo nimesema mwenyewe na wamesikia, wewe sasa pumzika.